Besi wa maji baridi: kumchagua, kumwandaa, na ile harufu ya tope inakaa wapi

Kuna dada kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mume wangu anapenda sana samaki besi wa maji baridi, nimeshawanunua mara nyingi ila siwaelewi, leo mtamu kesho ananuka tope, namwosha kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vinawaka lakini wapi. Juzi nimekuta viduduvidudu vya njano ndani ya nyama nikatupa samaki wote. Naomba unielekeze namna ya kumchagua na kumwandaa. Halafu nina ujauzito wa miezi mitano, mimi mwenyewe naruhusiwa kumla?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa ujauzito. Hapo umeuliza mambo kama manne kwa mpigo na nitayajibu yote, ila naanza na la mwisho maana hilo ndo halisubiri.

Besi ni samaki mla samaki. Anakula wadogo zake, vyura, kamba wa maji baridi, chochote kinachoenea mdomoni, na kwenye bwawa lake mara nyingi yeye ndo anakula wote na hakuna wa kumla. Sasa kama maji yana zebaki, inaanzia kwa vijidudu vidogo, inahamia kwa samaki wanaovila, inahamia tena kwa wanaowala hao, kila ngazi inazidi kujikusanya, ikimfikia besi mzee aliyeishi miaka kumi inakuwa imeshajaa mwilini. Na zebaki haikai kwenye ngozi wala kwenye mafuta, inakaa kwenye nyama yenyewe, kwahiyo kumwosha, kumchemsha ukamwaga maji, kumtoa mafuta, vyote hivyo haviiondoi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliyeko tumboni na watoto wadogo, kwa sababu inaingilia ubongo na mishipa ya fahamu ikiwa bado inajengwa. Usinielewe vibaya, sikwambii uache samaki, samaki ni chakula kizuri mno kwa mjamzito, nakwambia uchague. Chukua besi wa kufugwa aliyekulia chakula cha kiwandani na akavunwa mdogo, au kama ni wa kuvuliwa chukua mdogo na sio lile likubwa la kupigia picha, na kabla hujampika uliza kama maji aliyotoka yana tangazo lolote la tahadhari. Mamlaka za Marekani, ile ya chakula na dawa pamoja na ile ya mazingira, zinashauri kwamba samaki wa kuvuliwa na watu wenyewe kwenye maji ambayo hayana tangazo lolote, mjamzito ale mlo mmoja kwa wiki, kama gramu 113 hivi, na wiki hiyo asiongeze samaki mwingine. Mimi naona ni ushauri mzuri, ufuate. Na umle aliyeiva kabisa mpaka kwenye mfupa, hilo halina mjadala.

Haya, tuje kwa besi mwenyewe, maana naona sehemu ya mkanganyiko wako inaanzia hapa. Jina la besi wanapewa samaki wengi ambao wengine hata undugu hawana, na muuzaji akikwambia tu "huyu besi" bado hajakwambia kitu. Kuna ukoo wa besi weusi, asili yao Amerika ya Kaskazini, humo ndo yumo besi wa mdomo mkubwa na mwenzake wa mdomo mdogo. Ukitaka kuwatofautisha mfunge mdomo uangalie taya la juu linaishia wapi, likipita nyuma ya jicho huyo ni wa mdomo mkubwa, lisipopita ni wa mdomo mdogo. Mkubwa anapenda maji yaliyotulia, ya uvuguvugu, yenye majani majani, mwenzake anapenda maji maangavu ya baridi kidogo yenye mawe na mkondo, na hapo tayari umeshapata nusu ya jibu la harufu ya tope. Ukoo wa pili ni wa wenye mistari: besi mweupe, besi wa mistari mwenyewe (huyu kwa asili anaishi baharini na kupanda mitoni kutaga, ingawa wapo walionaswa kwenye mabwawa wakazaliana humo humo), na chotara wao. Chotara alianza kuzalishwa South Carolina huko Marekani miaka ya 1960, na sasa anafugwa kwa ajili ya soko, mistari yake ya ubavuni inakatikakatika wakati ya besi wa mistari halisi inakwenda moja kwa moja. Halafu wapo wenye jina tu, besi tausi wa Amazon ni ndugu wa perege, na yule anayeuzwa kwa jina la besi wa bahari wa Chile sio besi kabisa, ni samaki wa kina kirefu cha bahari ya kusini mwenye mafuta tele, mapishi yake ukiyapeleka kwa besi wa bwawani utatoa nyama kavu kama karatasi.

Na jambo moja linalohusu kununua, besi weusi wa porini huko Marekani majimbo mengi hayaruhusu wauzwe, wameachwa kwa wavuvi wa ndoano, na toka mwaka 1926 kuna sheria ya nchi nzima iliyozuia kusafirisha besi waliovuliwa kinyume cha sheria kutoka jimbo moja kwenda jingine. Kwahiyo dukani ukimkuta besi wa maji baridi aliyeuzwa kihalali kwa kawaida ni wa kufugwa, ama chotara ama wa mdomo mkubwa, ambaye China peke yake wanamfuga zaidi ya tani laki tano kwa mwaka. Ukiletewa na mvuvi, muulize alimtoa maji gani, lini, na alimweka wapi baada ya kumtoa. Maswali hayo matatu yana thamani kuliko ndimu zako zote.

Kwenye kuchagua, mimi nakushauri ununue mzima mwenye kichwa chake, maana kichwa hakidanganyi. Jicho liwe angavu na limetuna, likiwa limezama au lina ukungu wa maziwa mwache. Funua shavu uone matamvua, yawe mekundu ya kung'aa, yakiwa ya kahawia au yana ute mzito kama gundi huyo kachelewa. Bonyeza nyama kwa kidole nyuma ya pezi la mgongoni, irudi juu yenyewe, kishimo kikibaki achana naye hata kama jicho bado zuri. Tumbo likaze, lisiwe limelegea au lina rangi ya kijani, maana besi ana kawaida ya kujaza tumbo na chakula kile kikianza kuoza kinachoma nyama ya tumbo kwa ndani. Ute juu ya ngozi ni sawa, tena ni dalili nzuri ilimradi uwe mwepesi na unaona kupitia. Kuhusu harufu hapa watu wengi wanapotea: samaki wa bahari ana kemikali fulani mwilini ya kumsaidia kuishi kwenye chumvi, na ikivunjwa na bakteria ndo inatoa ile shombo kali tunayoijua, lakini samaki wa maji baridi anayo kidogo sana. Kwahiyo besi anaweza kuwa ameshaharibika na usisikie shombo yoyote ya kutisha, unasikia tu kitu kama uchachu au majani yaliyovundia kwenye maji. Usisubiri shombo la bahari ndo useme kaoza, utasubiri mpaka ukamle.

Ukikuta wa kuuzwa hai kwenye tangi mchague anayeogelea wima, hana vidonda wala mapezi yaliyoliwa, na angalia maji ya tangi, yakiwa ya kijani na yananuka basi samaki naye atanuka hivyo hivyo, nitakueleza sababu. Mwambie muuzaji ampige kichwani azimie mara moja, halafu akate matamvua damu imwagike kwenye maji ya barafu dakika chache. Anayeachwa akatapatapa mpaka kufa nyama yake inachoka, inakuwa laini na inawahi kuharibika. Ukubwa ninaoupenda ni wa nusu kilo mpaka kilo moja, na ujue kwamba kilo moja ya besi mzima ukitoa minofu isiyo na ngozi unabaki na gramu 350 hivi, kwahiyo usije ukashangaa nyumbani ukadhani umeibiwa. Kama unanunua minofu tayari, omba yenye ngozi ili umjue samaki, na angalia isiwe inaachana achana, kingo zisiwe zimekauka, na chini ya trei pasiwe na maji maji yaliyotuama.

Ukishamnunua, barafu. Sio friji, barafu. Samaki aliyekaa nyuzi 5 anaharibika kama mara mbili zaidi ya aliyekaa kwenye nyuzi 0, na friji nyingi za nyumbani zinacheza kwenye nyuzi 4 au 5 hapo. Mtoe utumbo kwanza, jaza barafu tumboni, mlaze kwenye barafu ndani ya chombo chenye matundu au kilichoinama ili maji yanayoyeyuka yatoke, asilale ndani ya hayo maji. Hata hivyo usimweke zaidi ya siku mbili, ikizidi hapo bora friza.

Sasa hii harufu ya tope, maana naona ndo inayokutesa. Wewe unamwosha kama vile tope liko juu ya ngozi, halipo. Kule kwenye maji kuna bakteria na mwani fulani, hasa maji yakipata joto na yakigeuka kijani, wanatoa kemikali mbili, moja inaitwa jiosmini na nyingine ni ndugu yake, na hiyo jiosmini ndo ile ile unayoinusa ardhini mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Pua ya binadamu inaikamata vibaya mno, nanogramu kumi tu kwenye lita ya maji wengi wetu tunaisikia. Samaki anaivuta kupitia matamvua pale anapopumua, inaingia kwenye damu, inakwenda kujihifadhi kwenye mafuta yake, na mbaya zaidi inaingia ndani ya saa chache ila kutoka inachukua siku kadhaa. Ndo maana wafugaji wanaojua kazi kabla ya kuvuna wanamhamishia samaki kwenye maji masafi yanayotembea bila kumlisha, siku kadhaa, mpaka mwili ujisafishe. Na ndo maana besi wako huyo huyo, wa duka hilo hilo, wiki hii mtamu na wiki ijayo ananuka, sio wewe uliyekosea kumwosha, ni maji aliyotoka yalivyokuwa wiki hiyo.

Ukishajua iko kwenye mafuta, unajua na pa kukata. Kwenye besi mafuta yako sehemu tatu: chini ya ngozi, kwenye kile kipande chembamba cha tumbo, na kwenye ule ukanda mwekundu mweusi unaopita katikati ya ubavu, pale ulipo ule mstari unaouona kwa nje toka shavuni mpaka mkiani. Toa hivyo vitatu na umetoa sehemu kubwa ya harufu. Kwa besi mweupe, wa mistari na chotara, ukanda huo mwekundu una ladha nzito hata kama samaki katoka maji masafi kabisa, mimi huwa nautoa kila mara bila kujiuliza. Kwa wa mdomo mkubwa ni mwembamba zaidi, yeye shida yake iko zaidi kwenye ngozi na tumbo.

Na kabla hujaamua unampikaje, mjaribu. Wanaofanya kazi ya kununua samaki wa mabwawa kwa wingi wanafanya hivi na nyumbani inawezekana kabisa: kata kipande kidogo karibu na mkia, na ngozi yake, usitie chumvi wala kitu chochote, kiweke kwenye kibakuli ukifunike, kiive kwa mvuke au kwenye maikroweivu dakika moja hivi, halafu funua na unuse ule mvuke wa kwanza. Hapo hapo utajua. Kikiwa safi mpike mzima na ngozi yake uifaidi. Kikinuka kidogo, toa ngozi na ukanda mwekundu. Kikinuka sana hata baada ya kutoa hivyo, huyo mrudishe alikotoka, hakuna kiungo cha kumficha.

Ndimu zako sio kwamba hazifanyi kazi. Asidi inavunja jiosmini kweli, na shombo nayo inaipunguza, ila inafika juu juu tu, haipenyi samaki mzima mwenye ngozi hata ukimsugua mpaka jioni. Kwenye mnofu uliotolewa ngozi ndimu au siki inafanya kazi nzuri, dakika 15 au 20 zinatosha, ukizidisha nyama inageuka nyeupe na kukaza kama imeshapikwa halafu jikoni inakuwa ngumu. Wengine wanaloweka kwenye maziwa, nayo inasaidia kupunguza. Mimi nikitaka nyama ikaze vizuri naloweka kwenye maji baridi yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, dakika 20, natoa nakausha.

Tuingie kwenye kisu. Kwanza miiba, besi ana pezi la mbele mgongoni lenye miiba mikali kweli kweli, lingine chini karibu na mkia lina miiba mitatu, na wale wa ukoo wa mistari hata ukingo wa shavu unakata kama wembe. Chukua mkasi ukate mapezi yote kabla hujafanya kitu kingine, mchomo wa mwiba wa samaki unavimba na unaweza kuingiza maambukizi na wewe mjamzito huhitaji hayo.

Halafu amua, unampika mzima au unatoa minofu? Watu wanapara magamba nusu saa halafu wanakuja kuitupa ngozi, kazi ya bure. Kama unatoa minofu bila ngozi usimpare kabisa. Kama anapikwa mzima mpare toka mkiani kwenda kichwani kwa mgongo wa kisu, mlowanishe au mpare ndani ya beseni la maji magamba yasiruke, na usisahau chini ya mapezi, chini ya kidevu na kwenye tumbo.

Kumtumbua, ncha ya kisu iingie kwenye tundu la haja, makali yaangalie nje, upasue juu juu tu mpaka chini ya kidevu, usizamishe. Ndani utaona ini, na kwenye ini kuna kifuko kidogo cha kijani, hiyo nyongo, itoe nzima na utumbo wake. Ikipasuka osha haraka na ukate kabisa nyama iliyopakwa kijani maana uchungu wake hauishi kwa kupika. Ng'oa matamvua yote mawili, hasa kama kichwa kinaenda kwenye supu, yakibaki supu inakuwa chungu na yenye wingu. Sasa hapa ndo wengi wanaruka: angalia juu kabisa ndani ya tumbo, pale kwenye uti wa mgongo, utaona kama utando mweupe na nyuma yake mstari mweusi mwekundu wa damu. Ile ni figo. Pasua utando kwa ncha ya kisu toka mwanzo mpaka mwisho, halafu chukua kijiko kidogo ukwangue, maji yakitiririka polepole, ukwangue mpaka uone mfupa mweupe na vishimo vyake vya pingili. Ile damu ikibaki ndo inaoza ya kwanza na ndo inatia uchungu nyama ya karibu na mfupa. Baada ya hapo suuza kwa haraka na umfute kwa tishu za jikoni ndani na nje, basi, usimloweke kwenye maji matupu, nyama inanyonya maji na utamu unatoka.

Minofu inatoka hivi. Kata nyuma ya shavu na pezi la ubavuni kushuka mpaka ugonge uti, geuza kisu kielekee mkiani, kipite juu ya uti ukisikia kinagusa gusa mfupa, ukikaribia mkia acha ngozi ishikilie. Pindua mnofu ngozi iwe chini, ingiza kisu kati ya nyama na ngozi pale mkiani, halafu usisukume kisu, shikilia ngozi kwa kitambaa uivute huku ukiitingisha kushoto kulia, kisu kimetulia tu kinalala karibu flati. Ngozi itatoka nzima. Toa mbavu kwa kuzifuata kwa chini, na kile kipande chembamba cha tumbo kikate utupe. Sasa pitisha kidole katikati ya mnofu toka upande wa kichwa, utasikia vimiiba vidogo vimesimama kwa msitari, vinaishia kabla ya kufika mkiani. Kata upande wa juu wa msitari huo na upande wa chini, mikato miwili ikutane chini kama herufi V, nyanyua kile kipande chembamba kitoke na miiba yote, halafu endeleza V hiyo hiyo mpaka mkiani ili ukanda mwekundu nao utoke. Unapoteza nyama kidogo lakini mtoto anakula bila wewe kukaa roho juu.

Vile vidudu vya njano ulivyotupa samaki kwa ajili yake, bila shaka ni viluwiluwi vya mnyoo ambaye kwa kawaida anazunguka kati ya konokono, samaki na ndege wanaokula samaki, ndo maana unakutana navyo kwa samaki wa mabwawa yenye konokono na ndege wengi. Vinakaa kwenye nyama kama punje ndogo ya njano, vinatolewa kwa ncha ya kisu, na ukipika vizuri vinakufa, havikudhuru. Doa doa nyeusi kwenye ngozi nazo ni jamaa zao, zinaondoka na ngozi. Zikiwa punje mbili tatu toa uendelee, zikiwa zimejaa kila mahali kutupa ni sawa tu, sio kwa sumu ila hakuna anayefurahia kula vile. Unachotakiwa kukiogopa ni samaki wa maji baridi akiliwa mbichi. Wapo minyoo wengine ambao wanaingia kwa binadamu na kukaa utumboni au kwenye ini, na ndimu haiwaui hata nyama ikigeuka nyeupe, wala moshi mwepesi hauwaui. Moto unawaua: nyuzi 63 katikati ya nyama, kama huna kipimajoto choma uma sehemu nene uzungushe, nyama iachane vipande vipande na isiwe na uangavu wowote.

Kupika kwenyewe sitakaa sana, ukishamwandaa hivyo kazi imeisha. Kumbuka tu nyama ya besi ni nyeupe na mafuta yake machache, kwahiyo adui yake ni kukauka. Mnofu wa kukaanga ukaushe mpaka tishu isitoke na maji, upake unga mwepesi, mafuta yawe nyuzi 180 hivi, chembe ya unga ukitupia ichemke pale pale, usijaze kikaango. Kuoka, oveni nyuzi 220, pima unene wa samaki pale alipo mnene, kila sentimita mbili na nusu dakika kumi. Mzima wa kilo nusu na ushee kwa mvuke, maji yakiwa yameshachemka kabla hajaingia, dakika kumi kumi na mbili na tangawizi yako, mchanje kidogo pembeni ili moto uingie sawasawa. Kwenye mchuzi, mchuzi uive kwanza ndo mnofu uingie mwisho, usikoroge, tingisha sufuria. Kichwa na mifupa usitupe, kama kile kipande cha majaribio kilikuwa safi chemsha nusu saa kwa moto mdogo na kitunguu, zaidi ya hapo supu inaanza kuchacha ladha.

Wanaobaki wagandishe wakiwa wabichi na wameshakaushwa, mfuko ukandamizwe hewa yote itoke, kwenye nyuzi chini ya sifuri 18 wanakaa vizuri miezi sita. Kuwayeyusha ni ndani ya friji usiku mzima, sio juu ya meza, na kama walikuja na ile pakiti ya kiwandani iliyofyonzwa hewa, ikate uifungue kabla ya kuanza kuyeyusha, kwa sababu kuna bakteria wa sumu kali anayeota mahali pasipo na hewa hata kwenye ubaridi wa friji, na pakiti ikiwa wazi hapati nafasi hiyo.